Hoteli ya butiki ni hoteli gani?

Nairobi ukisema "twende hoteli", wengi wataelewa chapati, maharagwe na chai ya maziwa. Hapa nazungumzia hoteli ya kulala, na hasa ile inayoitwa ya butiki, jina ambalo siku hizi hubandikwa karibu kila jengo jipya lenye rangi nyeusi na mimea mlangoni.

Butiki ni neno la Kifaransa, duka dogo. Kwa hoteli, jina lilishika baada ya 1984, Ian Schrager na Steve Rubell walipofungua Morgans mjini New York na kumkabidhi mbunifu Mfaransa, Andrée Putman, kazi ya kupanga ndani. Rubell alifananisha hoteli za kawaida na maduka makubwa yanayouza kila kitu. Yao, alisema, ni butiki.

Kwa hiyo huwa ndogo, aghalabu chini ya vyumba mia. Lakini udogo hautoshi; gesti ya River Road nayo ni ndogo. Kinachotofautisha ni wazo moja linaloonekana kote, kuanzia mapokezi hadi swichi ya taa. Tribe ya Gigiri, iliyofunguliwa 2008 jirani na Village Market, inajulikana kwa hilo: sanaa ya Kiafrika ni sehemu ya hoteli yenyewe, haikuletwa kuziba ukuta.

Nyota ni habari nyingine. Hapa kwetu hutolewa kwa vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, vinavyokagua majengo, vifaa na huduma. Jicho la mbunifu halina nyota yake, ndiyo maana hoteli ya nyota tano inaweza kufanana na nyingine yoyote duniani.

Niliwahi kulala katika moja ya hizi, Westlands, pamoja na mama yangu. Taa ya kando ya kitanda ilisukwa kwa mkonge, msuko uleule wa kiondo, na ilipowaka matundu yake yalitawanya vidoa vya mwanga hadi darini. Sabuni ilikaa kwenye kisahani cha jiwe la Kisii, laini na baridi kiganjani. Mama alikigeuzageuza, akasema aliyekichonga hakuwa na haraka.

Halafu tukaliona bafu. Ukuta wake ulikuwa kioo kitupu kinachotazama vitanda, bila pazia. Usiku ule nilisimama koridoni akioga, naye akanisubiri huko nilipooga mimi. Aliyechora chumba kile alifikiria picha, hakumfikiria mgeni. Kwangu huko ni kupamba. Kubuni huanza na mtu atakayelala pale: anakuja na nani, ataweka wapi mkoba, atasomea wapi.

Basi kabla ya kulipa, usiishie kwenye picha ya mapokezi. Omba picha ya bafu, mlango ukiwa umefungwa.