Una shamba la miti Mufindi na huna wosia?

"Wosia ni wa wazee, wakili. Mimi nina nini cha kurithisha?" Vijana wa Mbeya wananiambia hivi kila mara, na wengi wao wana bodaboda ya biashara, kiwanja Uyole, hela kwenye simu na ekari kadhaa za paini Mufindi. Paini inakaa zaidi ya miaka kumi ndipo itoe mbao, kwa hiyo thamani ya shamba lile bado iko mbele. Ukifa mwezi ujao, nani ataivuna? "Wazazi watajua." Hapo ndipo tunapokosana.

Kuandika wosia kunataka umri wa miaka 18 na akili timamu, basi. Wanaosema kuandika wosia ni uchuro sibishani nao. Sisi tunaoishi karibu na mteremko wa Iwambi, ule wa ajali, tunajua vijana wanavyoondoka ghafla.

Linaloniuma ni la wanaoishi "sogea tukae". Mmekaa pamoja, mna mtoto, shamba mmenunua kwa hela za wote wawili, lakini karatasi ya mauziano kwa mtendaji wa kijiji ina jina la mwanaume peke yake. Kijana anajiaminisha kwamba sheria itamtambua mwenzake. Ni kweli, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinawadhania kuwa mke na mume mkiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawachukulia hivyo. Lakini dhana hiyo inapingika! Wewe umeshazikwa, huwezi kumtolea ushahidi. Atasimama yeye, tanga halijaanuliwa, mbele ya shemeji wanaosema alikuwa mgeni tu.

Tuseme ameshinda, amekubaliwa kuwa mke. Bado. Kanuni za urithi wa kimila, Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, zinasema mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizi zinambagua mwanamke, ila haikuzifuta. Mtoto wenu ana miaka mitatu. Atamtunzaje mama yake?

Kwa hiyo andika. Mtaje kwa jina, mtaje mtoto, taja kijiji, ukubwa wa shamba na unaopakana nao. Na kama nusu ya hela ilikuwa yake, sema wazi, kwa sababu kilicho chake huna mamlaka ya kukiusia.

Mashahidi ndiyo sehemu vijana wanayoharibu. Wanachukua washkaji wawili wa kijiweni, wanasaini, wanaondoka wameridhika. Kimila, anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Asiyejua, wanne, wawili kila upande. Shahidi naye awe anajua kusoma na kuandika, na asiwe mtu unayempa mali. Kwa Muislamu, wosia hauvuki theluthi ya mali, na haumfikii mrithi mpaka warithi wengine waridhie.

Sasa jambo ambalo siwezi kumwahidi mteja. Mnyakyusa Mmoraviani, kazaliwa Tukuyu, kakulia Mbeya mjini: mirathi yake itaamuliwa kwa mila au kwa sheria ya kiserikali? Mahakama inaangalia maisha aliyoishi, na mawakili wenyewe tunavutana juu ya hilo hadi leo. Ndiyo maana kila wosia ninaouandaa nadai ndugu wa ukoo awe miongoni mwa mashahidi, hata mteja akinuna kwamba hataki baba mdogo ajue mambo yake. Tafuta ndugu mmoja unayemwamini. Asipokuwepo hata mmoja, hiyo yenyewe ni sababu ya kuandika haraka.

RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanapokea wosia na kuuhifadhi. Mwambie msimamizi wa mirathi uliyemteua wosia huo uko wapi. Ukifunga ndoa, ukipata mtoto mwingine au ukiuza shamba, njoo tuandike upya.