GG: maana yake, na nani anayetakiwa kuiandika kwanza

Cheza gemu yoyote ya mtandaoni, iwe PUBG Mobile kwenye simu au sataranji kwenye kompyuta, na mechi ikiisha utaona herufi mbili kwenye chati: GG. Ni kifupi cha maneno ya Kiingereza good game. Anayeiandika anamwambia mwenzake kwamba mechi ilikuwa nzuri na hana kinyongo.

GG ina ndugu zake. GL na HF huja mwanzoni, kutakiana bahati na kucheza kwa raha. WP humsifu mtu kwa kucheza vizuri, na TY ni asante. Lichess, tovuti ya sataranji isiyotoza hata senti, imevitengenezea vifupi hivi vitufe kabisa: mechi inapoanza unakuta HI, GL na HF, ikiisha unakuta GG, WP na TY. Mtanzania na Mrusi wasio na lugha ya pamoja wanasalimiana na kuagana kwa vitufe hivyo, kisha kila mtu anashika njia yake. Hadi hapo jambo ni jepesi. Ugumu uko kwenye zamu: nani anaiandika kwanza, na wakati gani.

Ili kuelewa zamu hiyo lazima twende Korea Kusini. StarCraft, gemu ya vita vya angani ya kampuni ya Blizzard, ilitoka mwaka 1998 ikakuta nchi ile inajaa vibanda vya kompyuta ambavyo Wakorea huviita PC bang. Vijana waliicheza usiku na mchana, na haikuchukua muda ikawa na wachezaji wa kulipwa, ligi na watangazaji wa televisheni. Sasa, kwa kanuni za gemu yenyewe, hujashindwa mpaka jengo lako la mwisho libomolewe. Mtu aliyekwisha kupoteza jeshi lote angeweza kuficha kibanda kimoja pembeni mwa ramani na kumsumbua mwenzake kukitafuta dakika nzima nzima. Ndiyo maana desturi ikajengeka: ukiona maji yamezidi unga, unaandika GG, unatoka. Watangazaji wa Korea walikuwa wakiingoja kwa hamu, na ikitokea tu kwenye kioo wanapaza sauti, "Jiji!", na ukumbi unalipuka.

Kwa hiyo pale GG haikuwa salamu tu. Ilikuwa tamko la kukubali kushindwa, na ukishatoka huwezi kurudi. Mwaka 2011, kwenye mashindano ya MLG (Major League Gaming) nchini Marekani, mchezaji maarufu wa StarCraft II, toleo la pili la gemu hiyo, aliyejiita IdrA alitoka kwenye mechi dhidi ya HuK kwa sababu aliona kundi kubwa la ndege za adui likimjia. Ndege zile nyingi zilikuwa kiini macho, uwezo halali wa gemu unaotengeneza picha za jeshi lisilokuwepo. Hakukuwa na wa kumrudishia mechi. Mashabiki wa StarCraft wanalisimulia tukio hilo mpaka leo, na sidhani kama wataacha.

Hapo ndipo inapotoka kanuni ya zamu. Kama GG ni kukubali kushindwa, basi mwenye haki ya kuitamka kwanza ni anayeshindwa, na mshindi huijibu. Mshindi akiitanguliza wakati mwenzake bado anapambana, anakuwa kama anamfukuza uwanjani. Wachezaji wa StarCraft hulihesabu hilo kuwa tusi, hata kama herufi ni zilezile.

Kwenye gemu za timu, ambako mechi inaisha yenyewe kwa saa au kwa pointi, kanuni hii imelegea. Huko kila mtu anaandika GG bila kujali kashinda au kafungwa, na hakuna anayenuna. Kinachonunisha ni nyongeza ya herufi mbili: GG EZ. Hiyo EZ husomwa "izi", yaani ilikuwa rahisi, hamkutupa shida. Sifa imegeuka dharau. Blizzard hao hao, walipotoa Overwatch mwaka 2016, waliamua kulishughulikia jambo hili kwa mzaha badala ya kufungia watu: ukiandika gg ez, wenzako wanaona sentensi nyingine kabisa. Mojawapo inasema kwamba muda wako wa kulala umepita na unaomba wasikuchongee kwa mama. Kwa maoni yangu hiyo ni adhabu bora kuliko nyingi, kwa sababu mwenye dharau ndiye anayechekwa.

Lakini kompyuta haiwezi kukamata kila kitu. Rocket League, ile gemu ya magari yanayocheza mpira, ina ujumbe uliotayarishwa wa kumsifu aliyeokoa goli. Wachezaji wamegundua zamani kwamba ukiutuma mara tatu mfululizo baada ya mtu kufungwa goli la kizembe, unamkata maini bila kuandika neno baya hata moja.

Mtu aliyekulia kwenye vibanda vya PlayStation vya mitaani kwetu anaweza kushangaa watu kukasirikia mambo haya. Kibandani matusi ya utani ndiyo chumvi: unamfunga mtu tano, unamwambia aachie pedi akauze mchicha, naye anacheka, anatoa hela ya mechi nyingine. Utani ule unabebwa na mengi ambayo chati haina. Mnaonana sura, mnajuana hata kwa majina ya mama zenu, na ukiona mwenzako kabadilika uso unapunguza. Mtandaoni aliye upande wa pili ni jina tu, pengine ni mtoto wa miaka kumi na miwili, na hajui wewe hutania hivyo hata na kaka yako.

Kuna jambo jingine linalotuhusu zaidi sisi wa Afrika Mashariki. Seva za gemu nyingi ziko mbali, Ulaya au Mashariki ya Kati, na mtandao wetu ndio tunaoujua. Bando likiisha katikati ya mechi, au umeme ukikatika, mpinzani haoni sababu. Anachoona ni mtu aliyekuwa anafungwa, ghafla katoweka bila GG, na anahitimisha kwamba umekimbia kwa hasira. Gemu nyingi huhifadhi orodha ya uliocheza nao karibuni. Ukirudi hewani, mtafute umtumie ujumbe mfupi: GG, umeme ulikatika. Wengi hujibu, na wengine hukutumia ombi la urafiki papo hapo.