Ndege ya Kenya Airways Iliyoanguka Douala: Si Radi, Wala Si Injini

Wapo wanaoamini hadi leo kwamba ndege ya Kenya Airways iliyokuwa ikitoka Abidjan kwenda Nairobi kupitia Douala, nchini Kamerun, ilipigwa na radi usiku wa Mei 5, 2007. Dhana hiyo inaeleweka, kwa kuwa mvua kubwa ya ngurumo ndiyo iliyoichelewesha kuondoka, na kati ya watu 114 waliokuwamo hakubaki hata mmoja wa kusimulia. Hata hivyo, ripoti ya uchunguzi iliyotolewa Kamerun mwaka 2010 ilieleza kwamba marubani walishindwa kuidhibiti ndege baada ya kupoteza mwelekeo angani. Injini nazo hazimo katika sababu zilizotajwa, na Boeing 737-800 hiyo ilikuwa imetumika kwa miezi michache tu.

Dhana ninayoiona kuwa nzito zaidi ni kwamba kosa la rubani maana yake ni uzembe wa mtu mmoja. Ndege ilipofika futi 1,000, rubani mkuu alitamka agizo la kuwasha mtambo wa kuiendesha ndege yenyewe, lakini mtambo haukuwashwa, na rubani msaidizi hakuthibitisha wala kuhoji. Kwa karibu dakika moja hakuna aliyeshika usukani ipasavyo, huku ndege ikilalia kulia polepole. Mwendo wa taratibu namna hiyo sikio la ndani halisikii, na gizani, pasipo taa wala upeo wa macho, mwili humwambia mtu kwamba yuko sawa. Dawa pekee ni kwa rubani kuvitazama vipimo vilivyo mbele yake, navyo havikutazamwa. King'ora cha tahadhari kilipolia, mlalo ulikuwa umefika nyuzi 34, na rubani mkuu, kwa mshtuko, akaupeleka usukani kulekule kulia. Kwa hiyo ripoti ilitaja pia udhaifu wa ushirikiano kati ya marubani wawili na kutofuatwa kwa taratibu za kuufuatilia mwenendo wa ndege.

Tena inadhaniwa kwamba ilianguka mbali, msituni, kwa sababu msako ulianzia upande wa mji wa Lolodorf, kusini-mashariki mwa Douala. Mabaki yalipatikana Mei 6 kwenye kinamasi cha mikoko karibu na Mbanga Pongo, kilomita zipatazo tano na nusu tu kutoka mwisho wa njia ya kurukia, kwani safari yenyewe haikutimiza dakika mbili.