Diski pacha si nakala ya akiba

Wengi wanaojenga seva ya nyumbani, yaani kompyuta ya kutunzia mafaili ya nyumba nzima, hufunga diski mbili kwa mtindo wa RAID 1, kisha hulala usingizi mnono: "Picha zangu ziko sehemu mbili." Ziko sehemu moja. RAID 1 huandika kila kitu kwenye diski zote mbili papo hapo, na "kila kitu" ni pamoja na makosa yako. Ukifuta folda ya picha za harusi, imefutika kotekote. Kirusi cha kudai fidia kikiyafunga mafaili, kimeyafunga kwa mapacha wote. Radi ikipita kwenye nyaya za umeme, au mwizi akibeba boksi zima, hakuna pacha atakayebaki kusimulia.

RAID 1 ina kazi yake, tena inaifanya vizuri: diski moja ikifa, seva haizimi huku ukitafuta nyingine dukani.

Nakala ya akiba ni ile isiyofuata kila unachofanya. Mimi natumia diski ya nje ya USB. Jumapili naichomeka, nanakili, naichomoa, inarudi kukaa kwa dada yangu. Haina mbwembwe. Ila mara mojamoja narudisha faili mbili tatu kutoka humo, nione kama kweli zinafunguka.