Ukihama X, usifute akaunti ya gemu yako

Studio kadhaa za gemu duniani zimejitoa rasmi X (zamani Twitter), na watengenezaji wadogo wa hapa Arusha ninaowasaidia kuendesha kurasa zao wananiuliza kama nao waondoke. Ondokeni, ila akaunti msiifute.

Uhusiano wa gemu na mtandao huo ulianza kulegea zamani. Elon Musk aliinunua Twitter Oktoba 2022, na mwaka uliofuata kuunganisha programu nyingine nayo kukawa kwa kulipia, tena bei kubwa. Xbox ikaondoa kitufe cha kurusha picha za mchezo moja kwa moja Aprili 2023, PlayStation ikafuata Novemba, Nintendo Switch ikamalizia Juni 2024. Tangazo la bure likakatika hapo, maana kila aliyefunga goli kali alikuwa anakutangazia gemu kwa rafiki zake.

Wadogo waliumizwa zaidi na viungo (linki). Studio ndogo inataka mtu abonyeze, afike Steam (duka la gemu za kompyuta) au Play Store, apakue. Novemba 2024 Musk mwenyewe alishauri watu waandike maelezo kwanza, kiungo wakiweke kwenye jibu la chini. Wangapi wanashuka mpaka kwenye majibu?

Kwetu likaongezeka jingine: Mei 2025 X ilizuiwa Tanzania baada ya akaunti ya Jeshi la Polisi kudukuliwa. Kuingia ni kwa VPN, yaani programu ya kupita kizuizi cha mtandao, na tangu Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inataka anayetumia VPN aitaarifu. Gemu moja ya simu niliyoikagua kwa kijana wa Sakina, hapa Arusha, ilikuwa na kitufe cha "Habari" kwenye skrini ya kwanza. Ukikibonyeza kinakupeleka X: ukurasa mweupe, duara linazunguka, halafu inagoma. Siku hiyo seva ilikuwa imezimwa kwa matengenezo na taarifa ilikuwa huko tu. Wachezaji wakadhani simu zao ndizo mbovu. Wengine wakaifuta gemu na kuipakua upya kwa bando lao wenyewe. Hilo liliniuma kweli. Kabla ya kuhama popote, pitieni kila kitufe ndani ya gemu, ukurasa wa dukani na maelezo chini ya video za YouTube. Taarifa za seva zionekane ndani ya gemu yenyewe, zikisomwa kutoka kwenye tovuti yenu.

Sasa kwa nini msifute? Ukiizima akaunti X, baada ya siku 30 inaondoka moja kwa moja, na jina halina mwenyewe tena. Novemba 2022, tiki ya bluu (alama ya akaunti iliyothibitishwa) ilipoanza kuuzwa, mtu alijifanya Nintendo na kuchapisha picha ya Mario akionyesha kidole cha matusi. Ile ilikuwa picha tu. Huku kwetu APK (mafaili ya kusakinisha programu za Android) zinapitishwa WhatsApp na Telegram kila siku, na tapeli mwenye jina la studio yako atatuma faili lenye virusi, nalo litafunguliwa kwa sababu ni jina wanaloliamini. Kwa hiyo badilisheni nenosiri, washeni uthibitisho wa hatua mbili, ondoeni programu zote mlizoziruhusu kuingia, kisha bandikeni juu chapisho moja linaloeleza mnapatikana wapi.

Kwa waandishi na wachezaji wa nje, Bluesky, mtandao unaofanana na X, unafaa: tangu Februari 2024 uko wazi kwa wote, na anwani ya tovuti yenu inaweza kuwa ndiyo jina la akaunti, hivyo si rahisi kuigwa. Discord, programu ya mazungumzo ya vikundi, nayo sawa. Wachezaji wa hapa wapelekeni kwenye chaneli ya WhatsApp badala ya kundi. Kwenye kundi kila mtu anaona namba ya mwenzake, na wengi wanaocheza ni watoto. Kwenye chaneli wafuasi hawaonani namba.

Mpeni mtu mmoja jukumu la kuingia X kila mwezi hata kama hachapishi kitu, kwa sababu sera yao inataka uingie angalau mara moja kila siku 30, na akaunti iliyolala muda mrefu inaweza kuondolewa.