Mkojo kwenye zulia: tunayodhani na yaliyopo

Paka wangu alipokojoa kwenye kapu la nguo chafu kwa mara ya tatu ndani ya wiki moja, nilishatoa hukumu: ananilipizia kisasi. Siku mbili kabla nilikuwa safarini, nikamwacha na jirani. Hesabu ilikaa vizuri kichwani. Kilichoivuruga ni kiasi. Nilipotoa nguo moja moja, nilikuta matone matatu tu, na moja lilikuwa na wekundu. Nikajiuliza ni kisasi gani hicho cha matone matatu. Daktari wa mifugo alimpapasa tumbo, akapima mkojo, akaniambia kibofu kimevimba na kila akikojoa anaumia.

Tangu siku hiyo nalisoma dimbwi kabla sijamsoma mnyama. Liko wapi? Kubwa kiasi gani? Limetokea saa ngapi? Ukiwa na majibu hayo matatu mkononi, maneno mengi tunayoambiana kuhusu mbwa na paka wanaochafua nyumba yanakosa pa kusimama.

“Anajua amekosa. Mtazame usoni!”

Masikio yamelala, macho yanakwepa, mkia uko katikati ya miguu. Nani asingesema huyu ana hatia? Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, alichapisha jaribio lililoigusa imani hiyo moja kwa moja. Mwenye mbwa alimkataza mbwa wake kula kipande cha chakula, kisha akatoka chumbani. Akirudi aliambiwa kama mbwa ametii au amekula, na mara nyingine alichoambiwa hakikuwa kweli. Ule uso wa hatia ulifuata karipio, haukufuata kosa. Tena mbwa waliokaripiwa bila kosa ndio waliouonyesha zaidi.

Kwa hiyo ukirudi jioni ukamburuta mbwa hadi kwenye dimbwi la asubuhi na kumsugua pua, anachokielewa ni kwamba wewe ukikutana na mkojo, kunakuwa na hatari. Matokeo yake nimeyaona zaidi ya mara moja. Mbwa anazungushwa nje nusu saa nzima, hatoi hata tone. Anarudishwa ndani, mtu anageuka kuning'iniza kamba, na tayari amekojoa nyuma ya kochi. Watu husema ni mjanja. Mjanja wapi! Alifundishwa asikojoe mbele ya binadamu, naye ameshika somo.

Wapo pia wanaoachia mkojo kidogo pale pale unapoinama kuwasalimia, hasa mbwa wadogo na waoga. Hilo ni tendo la unyenyekevu, na mwenyewe hana mamlaka nalo. Ukimkaripia anaongeza. Simama ubavu, usimwinamie, mwache aje mwenyewe. Wengi huacha wakikua.

“Paka ni viumbe wa kisasi”

Hapa ndipo wengi tunapoteza muda ambao paka hana. Matone madogo madogo, safari nyingi za kwenye kisanduku cha mchanga anachotumia kama choo, kujilamba sana sehemu za nyuma, kulia wakati wa kukojoa: hizo ni dalili za maumivu kwenye njia ya mkojo. Mara nyingi hata vijidudu havipatikani. Kibofu huvimba paka akiishi na wasiwasi, na wasiwasi wa paka hauhitaji jambo kubwa. Mgeni aliyelala wiki nzima, kochi lililohamishwa, paka wa nje anayekaa dirishani na kumkodolea macho, vyote vinatosha. Safari yangu ilichangia, sikatai, lakini si kwa njia niliyoidhani.

Kisha linakuja jambo linalowachanganya hata wafugaji wa siku nyingi. Paka akiumia akiwa ndani ya kisanduku, anakilaumu kisanduku. Anaanza kutafuta pahali pengine, laini, ambapo labda hapatauma: kapu la nguo, mto, zulia la bafuni. Anaweza kupona kabisa na bado akaendelea kukikwepa.

Dume akijikakamua kwenye mchanga na hakuna kinachotoka, wenye paka hudhani choo kimekuwa kigumu. Ichukulie kwanza kuwa njia ya mkojo imeziba, mpaka daktari aseme vinginevyo. Mkojo ukikosa pa kutokea, potasiamu hupanda kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Paka hufa ndani ya siku chache. Hilo halisubiri kesho asubuhi.

Kama afya yake ni njema, kikague kisanduku chenyewe. Visanduku viwe sawa na idadi ya paka, kisha uongeze kimoja. Urefu wake uwe angalau mara moja na nusu ya urefu wa paka, na vingi vinavyouzwa ni vidogo kuliko hivyo. Kinyesi kitolewe kila siku. Mchanga wenye manukato ulitengenezwa kwa ajili ya pua zetu, wala si zake. Na kisanduku kilichowekwa kando ya mashine ya kufulia ni choo kinachonguruma mtu akiwa ndani. Sijui ni nani kati yetu angekivumilia.

Mkojo wa ukutani ni habari nyingine. Anayenyunyizia husimama, mkia juu ukitetemeka, akarusha kidogo nyuma yake. Huyo hakubanwa na haja, anaacha ujumbe. Kuhasi husaidia sana, ila dhana kwamba dume aliyehasiwa hanyunyizii kamwe si kweli: karibu mmoja katika kila kumi bado hufanya hivyo.

Na mbwa anayekojoa kila unapotoka? Mwekee kamera. Mara nyingi utaona yote yanatokea ndani ya nusu saa ya kwanza, pamoja na kubweka na kukwaruza mlango. Ni hofu ya kuachwa peke yake, na adhabu huizidisha.

“Ana miezi mitatu, angekuwa ameshajua”

Kwa mtoto wa mbwa, kipimo wanachotumia wakufunzi wengi ni hiki: umri kwa miezi, ongeza moja, hizo ndizo saa anazoweza kujizuia mchana. Wa miezi mitatu ana saa nne, tena kama amelala kwa utulivu. Akiamka, akila au akimaliza kucheza, hesabu inaanza upya. Tumbo likijaa, utumbo mpana nao huanza kusukuma, hivyo mtoe nje mara baada ya chakula. Zawadi apewe pale pale alipokojolea. Ukingoja hadi mlangoni, umemzawadia kwa kurudi ndani.

“Mnyime maji jioni, atakoma”

Ushauri huu unanitia hofu kuliko yote, kwa sababu unafanya kazi kwa siku mbili tatu na kuficha ugonjwa. Mnyama aliyekuwa msafi na ghafla anaacha madimbwi makubwa, ya mkojo mwepesi usio na rangi, huenda ana kisukari, figo zilizochoka au tatizo la homoni. Dawa za steroidi, ambazo hutolewa sana kwa mwasho wa ngozi, nazo huleta kiu kali. Figo zikishindwa kubakiza maji mwilini, ukimnyima anakauka.

Badala ya kunyima, pima. Jaza bakuli kwa chupa yenye vipimo asubuhi, kesho yake saa ile ile pima kilichobaki. Mbwa anayekunywa zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa saa 24 amevuka mpaka; kwa mbwa wa kilo 10 hiyo ni lita moja. Nenda kwa daktari na namba hiyo pamoja na mkojo kidogo kwenye kichupa safi. Ina faida kuliko kusema “siku hizi anakunywa sana.”

“Ni uzee tu”

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, nasi tunaitumia methali hiyo kukata tamaa na mbwa mzee. Lakini aliyekuwa msafi kwa miaka kumi hakusahau malezi usiku mmoja. Majike waliofungwa kizazi wakati mwingine hulegea misuli ya njia ya mkojo, wakavuja wakiwa usingizini. Unakuta tandiko limelowa naye mwenyewe hana habari. Dawa ipo, na wengi hukauka ndani ya muda mfupi. Paka mzee mwenye viungo vinavyouma anakitaka kisanduku chake, ila ukingo umekuwa mlima. Kata upande mmoja, ubakize kimo cha vidole vitatu. Wapo kweli ambao ubongo umeanza kuwatoka, wanasimama kwenye kona wakitazama ukuta, lakini hilo daktari alitaje mwishoni, baada ya mengine kukaguliwa.

“Nimepiga klorini, harufu imekwisha”

Imekwisha kwako. Dawa zenye amonia ndizo mbaya kuliko zote, maana mkojo nao hutoa amonia. Ni kama kumwandikia mnyama “choo” pale pale. Klorini ikikutana na mkojo huzalisha gesi inayochoma macho na mapafu. Kinachofaa ni kunyonya kwanza kwa kitambaa kikavu, kisha kumwagia dawa yenye vimeng'enya, yaani viini vinavyovunjavunja mabaki ya mkojo, na kuiacha muda ulioandikwa kwenye chupa, ifike kule mkojo ulikofika.

Ulikofika, hasa. Paka wangu alipopona aliendelea kurudi kwenye kona moja ya chumba cha kulala, ambayo nilishaisugua mara nne. Nikaazima tochi ya mwanga wa urujuanimno (UV), unaofanya mkojo ung'ae gizani, nikazima taa. Doa nililokuwa nalisugua lilikuwa la ukubwa wa kiganja. Lililong'aa, rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani, lilitambaa chini ya kitanda hadi ukutani.