Mmea wa Kudumu: Kinachodumu ni Nini Hasa?

Mwezi wa saba hapa Uyole, Mbeya, ni mwezi wa vumbi na baridi. Kijana wa jirani alikuwa ananisaidia kufyeka kando ya uzio, akafika kwenye tuta langu la maua, akasimama na jembe begani. "Mama, haya yameshakufa. Niyang'oe tuyachome na takataka nyingine?" Alichokuwa anakiona ni mabua manne makavu, meusi, kila moja limebeba kichwa cha miba miba. Nikamwambia, "Hapana mwanangu, hebu niletee kisu." Tukachuchumaa. Nikafukua udongo kwa ncha ya kisu kuzunguka bua moja, kina cha vidole viwili tu. Pale bua linapokutana na mizizi palikuwa na vichipukizi vitatu, vyeupe vyenye wekundu kwa mbali, kila kimoja kama punje ya mahindi. Aliviangalia kwa muda, kisha akavifukia tena kwa mkono wake.

Vile vichipukizi ndiyo maana ya maneno "mmea wa kudumu".

Tukisema mazao ya kudumu, akili huenda moja kwa moja kwenye kahawa ya Mbozi, chai ya Mufindi, parachichi ya Njombe. Mti umesimama mwaka mzima, unauona. Ndiyo maana wengi wetu tunadhani kudumu ni kutokukauka. Kwenye bustani ya maua maana ni nyingine kidogo. Mmea wa kudumu ni ule unaoishi zaidi ya miaka miwili, na mara nyingi tunazungumzia mimea laini, isiyo na shina la mti. Huko juu unaweza kukauka kila mwaka hadi usibaki hata jani. Kinachodumu ni mizizi na ile sehemu fupi iliyo usawa wa ardhi, ambayo mimi huiita kichwa cha mzizi. Humo ndimo mmea unamoweka chakula chake na machipukizi ya msimu ujao.

Linganisha na mahindi. Mhindi unaota, unabeba, unakufa wote, mizizi na vyote, na kinachovuka kwenda msimu mwingine ni mbegu peke yake. Karoti iko katikati: mwaka wa kwanza inajaza mzizi, ukiiacha ardhini mwaka wa pili inatoa maua na mbegu, halafu inakufa. Kiazi mviringo ndicho kinachonifurahisha zaidi. Tunakilima kama zao la msimu, lakini kila mkulima wa Uporoto amewahi kuona viazi vilivyosahaulika ardhini vikichipua vyenyewe mvua zinapoanza. Kwa tabia yake, kiazi ni mmea wa kudumu, ila sisi tunakichimba kabla hakijapata nafasi ya kutuonyesha.

Na pareto je? Watu wa nyanda hizi wamelima mmea wa kudumu kwa miaka mingi bila kuuita hivyo. Ukishapandwa hukaa shambani miaka kadhaa ukichumwa maua, na mkulima akitaka kuongeza shamba hung'oa shina kuukuu, akaligawa vipande vyenye mizizi, akapanda kila kipande. Mahindi huwezi kuyafanyia hivyo. Kichwa cha mzizi chenye uhai ndicho kinachowezesha kazi hiyo.

Ukitaka kuiona dhana hii kwa ukubwa wake, panda mlima hadi Kitulo, uwanda ulio kwenye mita 2,600 hivi, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu na ambao ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Ukienda mwezi wa nane utakuta nyasi zimekauka na upepo unakata uso. Rudi mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea, utakuta okidi za aina zaidi ya 40 na maua mengine mengi kiasi kwamba unaona aibu kukanyaga. Hakuna aliyepanda. Okidi za ardhini zilikuwa chini muda wote, zimejikunja ndani ya viazi vyao. Ndiyo maana uchimbaji wa viazi hivyo, vinavyouzwa hadi Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda, unaniuma sana. Anayechuma ua la okidi amechukua la mwaka huu tu, lakini anayechimba kiazi amechukua na miaka yote iliyokuwa inakuja.

Sasa turudi kwenye yale mabua yangu manne. Ni ekinasea, ua la asili ya Marekani Kaskazini, la jamii moja na alizeti na pareto. Jina lake lilitolewa na Moench, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, mwaka 1794, kutokana na neno la Kigiriki linalotumika kwa kalunguyeye. Gusa katikati ya ua utaelewa. Pale katikati pameinuka kama pia iliyopinduliwa, pamejaa ncha ngumu za rangi ya chungwa, na kati ya ncha hizo mna mamia ya maua madogo yanayofunguka kuanzia pembeni kwenda juu kileleni. Petali za waridi tunazozisifia zinaning'inia tu pembezoni na hazitoi mbegu. Kazi yao ni kuita wadudu.

Kwao baridi ya miezi kadhaa huua majani yote, theluji ikafunika udongo, na mmea ukarudi majira ya joto. Kwetu kinachoulaza ni ukavu wa kuanzia mwezi wa sita pamoja na baridi ya usiku, na kwa Makete na Njombe hata jalidi. Kwa hiyo usingizi huo haumdhuru ekinasea, ameuzoea kuliko sisi tunavyomwonea huruma.

Tatizo liko kwenye urefu wa mchana, na hili nimelijua kwa kuchelewa. Ekinasea huanza kutengeneza maua kwa kusikiliza mambo mawili: baridi iliyopita na siku zinazorefuka. Inapenda mchana wa saa 13 hadi 15. Mbeya, hata siku ndefu kabisa ya mwezi wa kumi na mbili, mchana haufiki saa 13. Hivyo usishangae mmea wako ukinenepa majani na kuchelewa kuchanua, au ukitoa bua moja pale ambapo picha za Marekani zinaonyesha kumi. Miche yangu ilikuwa sita. Msimu wa kwanza yote ilitoa majani tu, wa pili miwili ikachanua. Bado naipenda yote, na mtu asiyependa kusubiri ningemshauri apande dalia.

Kwa anayetaka kujaribu: mbegu huota vizuri zaidi zikionja baridi yenye unyevu, hivyo zichanganye na mchanga wenye majimaji kidogo, uziweke kwenye friji wiki nne, ndipo uzisie. Hamishia miche bustanini mvua zikishakolea, Desemba au Januari, ili mizizi ipate miezi ya kushuka kabla ya kiangazi. Jua iwe nyingi, nafasi kati ya mche na mche nusu mita. Mbolea usizidishe. Ukiipa samadi nyingi inarefuka na kulala chini kama mahindi yaliyopigwa na upepo.

Kinachoiua kweli ni maji yaliyotuama. Kichwa cha mzizi kikikaa kwenye tope kinaoza, na hapo hakuna tena kinachodumu. Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na hata Iringa kwenye udongo mzito wa mfinyanzi, inua tuta. Kipindi mmea umelala usiumwagilie kila jioni kwa kuuonea huruma, na vichwa vikavu viache. Chiriku wanavijia asubuhi, wananing'inia kichwa chini wakichomoa mbegu, na mimi hutoka na chai yangu kuwaangalia.

Jambo moja zaidi. Mwezi wa tano, majani yakiwa bado yanaonekana, chomeka kijiti kando ya kila mmea, maana ikifika Agosti hata wewe mwenyewe hutakumbuka ulipo. Vya kwangu alivichonga yule kijana kwa mwanzi, akavipaka rangi nyekundu juu, akasema sasa hata mtu mwingine akija na jembe ataviona.